Sauti ilifika Kericho, mwenyewe hakufika

MWAKA 1950, huko Kapkatet, upande wa Litein kwenye njia ya kuelekea Sotik, wasichana wa Kipsigis walisimama mbele ya kipaza sauti wakamwimbia mtu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona. Walimwita Chemirocha. Walimwalika aje acheze nao, tena aruke kwa nguvu mpaka nguo zimtoke mwilini. Kwao hakuwa mtu kamili. Nusu alikuwa binadamu, nusu swala.

Mtu huyo, msomaji, aliishi kweli. Jina lake lilikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani. Hakuwahi kufika Kericho wala Bomet. Isitoshe, wasichana wale walipokuwa wakimwita aje kucheza, alikuwa kaburini kwa miaka 17.

Je, sauti ya mtu inawezaje kuvuka bahari, ikapanda vilima vya majani chai, ikageuzwa kiumbe cha ajabu na kuimbiwa na watoto waliozaliwa mbali kabisa na kwao? Kulijibu swali hilo, hebu kwanza tutoke Kericho kidogo, twende Italia. Ndiko alikozaliwa mwimbaji aliyeufundisha ulimwengu kwamba sauti inaweza kusafiri bila mwenyewe.

Fundi wa Naples

Enrico Caruso alizaliwa mwaka 1873 katika jiji la Naples, katika familia ya mtu wa kawaida. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo, naye kijana akaingia kazi hiyo hiyo. Lakini tangu utotoni alikuwa akiimba katika kwaya ya kanisa, na sauti yake ilikuwa ile ambayo wanakwaya wetu huiita teno, yaani sauti ya juu ya kiume.

Wewe uliyewahi kuimba kwaya shuleni unajua kwamba teno wazuri hutafutwa kwa tochi. Wavulana wengi sauti zao zikivunjika huangukia besi au katikati. Na katika opera, ambayo ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa, mara nyingi teno ndiye kijana mpenzi au shujaa. Huimba bila kipaza sauti, huku chini yake wapigaji ala kadhaa wakivuma kwa pamoja. Sauti yake sharti ipenye katikati ya fidla na tarumbeta hizo zote imfikie hata yule aliyekata tiketi ya bei rahisi huko nyuma kabisa.

Caruso alipanda jukwaani rasmi mwaka 1895 hapo hapo Naples. Usidhani alianza akiwa bingwa. Miaka ile ya mwanzo sauti yake ilikuwa ikikatika kwenye noti za juu, ikabidi ajinoe kwa muda mrefu. Mwaka huo huo wa 1895 aliimba Cairo, kwa hivyo bara letu lilimsikia mapema kuliko New York. Mwaka 1900 akaingia La Scala, jumba kuu la opera la Milan. Mwaka 1902 akaimba Covent Garden, London. Tarehe 23 Novemba 1903 akaanza katika jumba la Metropolitan, New York, ambalo likawa kama kwake mpaka mwisho wa kazi yake. Humo aliimba zaidi ya mara 800. Kati ya misimu hiyo alialikwa Berlin, Buenos Aires, Mexico na Havana.

Hayo yote ni safari za mtu na sanduku lake la nguo. Meli ikichelewa, mwimbaji hachelewi peke yake. Wenye tiketi nao husubiri. Na mtu ana mwili mmoja. Akiwa London, hayuko Milan.

Pembe na nta

Kilichoivunja mipaka hiyo kilitokea tarehe 11 Aprili 1902 katika chumba cha hoteli mjini Milan. Caruso aliimba nyimbo 10 mbele ya pembe kubwa la bati, akalipwa pauni 100. Wakati huo hapakuwa na umeme katika kazi hiyo. Sauti iliingia ndani ya pembe, ikatikisa sindano, na sindano ikachora mfuo katika bamba la nta. Kutokana na nta hiyo zilitengenezwa sahani za santuri za kuuza.

Pembe lile lilikuwa na ubaguzi. Besi lilizimeza, na sauti za juu kabisa za kike lilizichakachua. Lakini teno lenye nguvu kama la Caruso lilitoka safi. Santuri zikamtangaza kuliko gazeti lolote. Kuanzia mwaka 1904 alirekodi Marekani na kampuni ya Victor, naye akawa anapata sehemu ya mauzo. Litie akilini jambo hilo, msomaji, maana tutalirudia. Jina lake liliandikwa kwenye kila sahani, na jina hilo lilimletea haki yake.

Desemba 1920 Caruso alitokwa na damu kooni akiwa jukwaani Brooklyn. Mkesha wa Krismasi mwaka huo aliimba Metropolitan kwa mara ya mwisho. Aliaga dunia Naples tarehe 2 Agosti 1921, akiwa na umri wa miaka 48. Santuri zake ziliendelea kuuzwa.

Mtu wa reli

Kampuni hiyo hiyo ya Victor ndiyo iliyomnasa Jimmie Rodgers mwezi Agosti 1927, katika mji wa Bristol huko Tennessee. Rodgers hakuwa mtu wa opera. Alizaliwa Mississippi mwaka 1897, akafanya kazi ya breki katika treni za mizigo mpaka kifua kikuu kilipomtoa kazini. Alipiga gitaa na kuimba habari za reli, mapenzi na upweke. Katikati ya wimbo aliitupa sauti ghafla kutoka kifuani hadi kichwani na kuirudisha, mtindo uliotokana na wachungaji wa milima ya Uswisi na Austria.

Kufikia wakati wake, pembe lilikuwa limestaafu. Tangu 1925 kurekodi kulifanywa kwa kipaza sauti cha umeme, kwa hivyo mwimbaji hakuhitaji tena kupiga kelele kama teno wa opera. Hata mgonjwa wa mapafu aliweza kunong'ona akasikika. Rodgers alirekodi nyimbo zaidi ya 100 kwa muda wa miaka sita. Mwezi Mei 1933 alikuwa studioni New York, akiimba wimbo mmoja kisha akijilaza kitandani kabla ya kuimba mwingine. Tarehe 26 mwezi huo alifariki, akiwa na umri wa miaka 35.

Gramafoni yafika mashambani

Turudi sasa kwetu. Kampuni kubwa za majani chai zilianza mashamba yao Kericho katika miaka ya 1920. Zilileta vibarua, barabara, maduka na walowezi. Pamoja na wamisheni, watu hao walileta gramafoni. Uzuri wa gramafoni ya zamani ni kwamba haikuhitaji umeme. Unazungusha mkono, unaweka sindano, na mzungu asiyeonekana anaanza kuimba sebuleni.

Sasa jiweke katika nafasi ya msichana wa Kapkatet. Unasikia sauti, lakini mtu humwoni. Sauti yenyewe inaruka juu ghafla kama mnyama aliyeshtuka. Unauliza ni nani, unaambiwa Jimmie Rodgers. Kikipsigis hakitenganishi "j" na "ch" wala "d" na "t" jinsi Kiswahili kinavyofanya. Jina likapita katika ulimi wa Kikipsigis, likatoka Chemirocha. Kisha likapata mwili, miguu ya swala na mwaliko wa kucheza.

Aliyetuhifadhia habari hiyo ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903 na kuishi miaka mingi kusini mwa Afrika akikusanya muziki wa bara hili. Ndiye aliyefika Kapkatet na mitambo yake mwaka 1950. Aliandika kwamba jina la Chemirocha lilikuwa limeenea hata likatumiwa kwa kitu chochote kigeni na cha ajabu. Alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo. Ile ya wasichana ndiyo iliyopendwa zaidi ulimwenguni. Ndani yake husikika chepkong', ala ya nyuzi iliyo ndugu ya nyatiti ya Waluo, na sauti changa zikipokezana bila haraka.

Waliorekodiwa walisikia nini?

Hapa, msomaji, ndipo hadithi inapotugusa. Sauti za wasichana wale zilipanda ndege kama zilivyopanda meli sauti za Caruso. Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika mwaka 1954, akatoa santuri zaidi ya 200 katika mfululizo wake. Baada ya kifo chake mwaka 1977 maktaba hiyo ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Wanafunzi wa muziki Ulaya na Marekani waliijua Kapkatet kwa wimbo huo. Kapkatet yenyewe haikuwa na nakala.

Ilichukua takriban miaka 65 kabla ya wimbo kurudi nyumbani. Katikati ya miaka ya 2010, maktaba hiyo ikishirikiana na kundi la Ketebul Music la Nairobi ilizirudisha rekodi kwa Wakipsigis. Wengi wa walioimba walikuwa wameshaiaga dunia, lakini baadhi ya waliorekodiwa na Tracey enzi hizo walipatikana wakiwa hai, wazee wa mvi. Watoto na wajukuu walizisikia sauti za ujana za watu waliowajua wakiwa wakongwe tu.

Waliwezaje kutafutwa? Jibu ni rahisi. Tracey aliandika. Kwenye kumbukumbu za wimbo kuna mahali, Kapkatet. Kuna mwaka, 1950. Na kuna jina la aliyeongoza, Chemutoi Ketienya, pamoja na wasichana wa Kipsigis. Jina moja lilipatikana. Hao wengine wote wamebaki "wasichana". Linganisha na Caruso, ambaye jina lake lilikuwa kwenye kila sahani na kila mkataba.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 11, inataka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi ilipitishwa mwaka 2016. Ni hatua njema. Lakini hakuna sheria inayoweza kumlipa mtu asiyeandikwa jina.

Kazi ya likizo

Basi, mzazi, watoto wakifunga shule na mkaenda mashambani, iwe ni Kericho, Bomet au kwingineko, msiishie kuleta maziwa ya mursik na mahindi mabichi. Leo simu ya mfukoni inanasa sauti vizuri kuliko mitambo ya Tracey. Mwombeni nyanya, ambaye Wakipsigis humwita kogo, aimbe wimbo wa harusi au wa kubembeleza mtoto. Mwombeni ruhusa kwanza, na kama kuna nyimbo za jandoni zisizotolewa nje, ziacheni zilipo.

Kisha, mwanafunzi, chukua kalamu. Andika jina lake kamili, na majina ya wote wanaoitikia. Andika kijiji, tarehe, ala iliyopigwa na aliyeipiga. Andika maana ya maneno, maana wewe huenda hutayakumbuka na mtoto wako hatayajua. Mrudishie kogo nakala yake siku hiyo hiyo, asisubiri miaka 65.

Na wewe kijana mwenye sauti ya teno, usidharau kwaya ya shule. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu mwaka 1927, nalo lina nafasi ya wimbo wa Kizungu na wa kwenu pia. Caruso naye alianzia kwenye kwaya, na sauti yake ilikatika mara nyingi kabla haijanyooka. Huenda ukafika Milan, huenda usifike. Lakini popote sauti yako itakapokwenda, hakikisha jina lako limepanda nayo.