Saa sita za Niblock zinagharimu nini?

Anayetaka kumwandalia Phill Niblock tamasha la kumbukumbu ana kipimo alichokiacha marehemu mwenyewe: saa sita. Mtunzi huyu, ambaye pia alikuwa mpiga picha na mtengeneza filamu, alifariki New York tarehe 8 Januari 2024 akiwa na umri wa miaka 90. Kwa miaka mingi, kila tarehe 21 Desemba, alipiga muziki wake na kuonyesha filamu zake kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, kwanza nyumbani kwake Centre Street, Manhattan, baadaye katika ukumbi wa Roulette, Brooklyn.

Bajeti yake haifanani na ya okestra. Vipande vyake vingi huchukua dakika 20 hivi, kwa hiyo saa sita humeza kama vipande 18, lakini wapigaji wa kulipwa ni wachache. Chukua "Five More String Quartets" ya mwaka 1993. Ina sauti 20, zote za wapigaji wanne waliorekodiwa mara tano. Rekodi hutoka kwenye spika, na mpigaji aliyepo ukumbini huongeza sauti yake juu yake, pengine akitembea katikati ya wasikilizaji. Niblock alisomea uchumi chuoni, muziki hakuusomea. Ukitazama mpangilio huu, unaamini.

Fedha huenda kwenye nguvu ya sauti, na sababu ni ya kifizikia. Noti ya hezi 440 ikilia pamoja na ya hezi 443, sikio husikia mtikisiko mara 3 kwa sekunde, ambao hakuna aliyeupiga. Sauti 20 zinazopishana kidogo hivyo hutoa jozi 190. Muziki wa Niblock hauna mdundo wala wimbo wa kufuata. Unaishi katika mitikisiko hiyo, na ukiupunguza sauti, mingi hupotea.

Kushuka kutoka desibeli 100 hadi 90 kunapunguza nguvu ya amplifaya mara kumi. Ni akiba nono, lakini kwangu mimi mwandaaji anayeichukua atakuwa amepiga muziki wa mtu mwingine.

Masikio nayo yana bajeti yake. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayohusika na usalama kazini, inashauri mtu asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo ukatwe nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15. Anayekaa saa sita kwenye kiwango hicho amekizidisha kipimo mara 24. Vizibo vya masikio vinavyopunguza kweli desibeli 20 humrudisha kwenye 80, kwa hiyo boksi la vizibo mlangoni si ukarimu. Ni sehemu ya vifaa kama zilivyo nyaya.

Filamu zimekuwa nafuu. Mfululizo wake "The Movement of People Working", alioanza kuupiga mwaka 1973, unaonyesha watu wakilima, wakivua na kufanya kazi nyingine za mikono, kuanzia Peru hadi Lesotho. Mkanda wa milimita 16 hula futi 36 kwa dakika. Saa sita ni futi 12,960, karibu kilomita 4, yaani mikanda 33 ya futi 400 kwa skrini moja tu, na ukitaka skrini tatu unazidisha. Leo vyote hivyo huingia kwenye diski ndogo.

Kisichopungua ni saa za watu. Fundi wa sauti, mwangalizi wa projekta na mkata tiketi wote wanabaki hadi usiku wa manane. Afadhali wasikilizaji huingia na kutoka wapendavyo. Tuseme ukumbi una viti 200 na kila mtu anakaa dakika 90: kwa saa sita unaweza kupokea watu 800, mradi mkata tiketi asifunge mlango baada ya kipande cha kwanza.