Kelele na Kazi ya Akili

Mwanafunzi akokotoaye hesabu huku redio ikizungumza kando yake husema kwamba amekwisha kuizoea. Je, akili yake nayo imeizoea?

Mwaka 1975 Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walichapisha uchunguzi wao kuhusu shule moja ya msingi huko Manhattan, mjini New York, iliyojengwa kando ya reli iliyoinuliwa juu ya nguzo. Treni ilipita kila baada ya dakika 4 na nusu hivi, na masomo yakakatizwa. Watoto wa vyumba vilivyoielekea reli walilinganishwa na wenzao wa upande wa pili wa jengo lile lile. Wale wa upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma. Walipofika darasa la sita, pengo lilikaribia mwaka mzima.

Hasara ya kupotewa na dakika za masomo ni dhahiri. Iko nyingine iliyojificha. Tunapokokotoa au kusoma, tunashikilia tarakimu au maneno machache, kwa mfuatano wake, katika kumbukumbu ya muda mfupi. Sauti zinazosikika wakati huo huvuruga mfuatano huo hata tusipozisikiliza, kwani jicho lina kope, sikio halina. Mwaka 1976 Herbert Colle na Alan Welsh waliwapa watu herufi za kukumbuka kwa mpango wake huku Kijerumani, lugha wasiyoijua, kikisomwa masikioni mwao. Makosa yaliongezeka. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba sauti inayobadilikabadilika, kama mazungumzo, huvuruga zaidi kuliko mvumo wa namna moja, kama wa feni, hata isipokuwa kubwa.

Jaribio hili laweza kufanywa darasani. Mwalimu aandike ubaoni tarakimu 8, azifute, na baada ya sekunde 10 wanafunzi waziandike kwa mpango wake. Arudie mara kadhaa kwa tarakimu nyingine, mara katika ukimya, mara redio ikizungumza. Kisha makosa yahesabiwe.

Katika shule ile ya New York, reli iliwekewa mipira ya kupunguza mtikisiko, na madarasa yakapata dari za kufyonza sauti. Mwaka 1981 Bronzaft alieleza kwamba tofauti kati ya pande mbili ilikuwa imetoweka. Watoto wale hawakuwa wazito wa akili. Walikuwa wamekalishwa upande wa kelele.