Gari la Dizeli Linapokataa Kutii Mguu

Dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho, lakini gari limenyamaza kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Sekunde mbili tatu zapita ndipo laanza kujikokota. Katika barabara tambarare jambo hilo ni kero tu. Katika barabara ya milima, kama ile itokayo Mbarara kwenda Kabale nchini Uganda, ni hatari kubwa, kwani dereva aliyekwisha kutoka upande wake ili alipite lori anaitegemea nguvu ambayo haiji, na mbele yake kona imekaribia.

Ugonjwa huu huzipata sana pikapu zilizokula miaka, hasa zile zisizo na tabo. Mfano unaofahamika ni Toyota Hilux yenye injini ya 3L, ya lita 2.8, ambayo hata leo yaonekana ikibeba matoke, saruji, wagonjwa na maharusi. Wenye magari hayo, wakiwamo askari na jamaa zao walionunua gari kuukuu ili liisaidie nyumba, aghalabu huambiwa neno moja mara wafikapo gereji: “Pampu imekwisha.” Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Pampu ya dizeli ni kiungo cha gharama kubwa, na kwa sababu hiyo yapasa ishtakiwe mwisho, baada ya watuhumiwa wadogo wote kuhojiwa.

Kwanza ifahamike kazi ya mguu. Katika gari la petroli, mguu hufungua mlango wa hewa. Katika dizeli ya namna hii, mguu huiamuru pampu iongeze mafuta. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ujazo wake ubaki karibu sehemu moja ya 22, ikapata joto kali, na dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe pasipo plagi ya cheche. Basi injini ikizembea, ama amri ya mguu haifiki, ama dizeli haitoshi, ama hewa haitoshi, ama vyote vimefika lakini si kwa wakati wake.

Pengine injini yenyewe haina hatia. Ikiwa mlio wake wapanda upesi lakini gari halifuati, klachi inateleza. Ikiwa baada ya mwendo mfupi gurudumu moja lina joto kuliko mengine, breki yake haiachii. Gari lisukumwe kwa mikono mahali tambarare, gia ikiwa huru. Likiwa zito kupita kawaida, jibu limepatikana bila spana.

Kuichunguza amri ya mguu kwahitaji watu wawili na dakika moja. Injini ikiwa imezimwa, mmoja akae ndani na kukanyaga mafuta hadi mwisho. Mwingine afungue boneti na kuutazama mkono mdogo wa pampu, ule unaovutwa na kebo. Mkono huo hauna budi kufika kwenye skrubu ya kikomo na kuigusa. Usipofika, kebo imelegea, au zulia la miguuni limekunjamana chini ya kikanyagio. Itakuwa aibu kuifungua pampu kwa kosa la zulia.

Penye mashaka zaidi ni njia ya dizeli. Injini ya 3L haina pampu nyingine ya kuyasukuma mafuta kutoka tangini. Pampu kubwa huyavuta yenyewe, kama mtu anyonyaye kwa mrija. Siri iko hapo. Bomba linalosukumiwa mafuta likitoboka, mafuta huvuja yakaonekana. Bomba linalonyonywa likitoboka, huingiza hewa, na nje pasionekane hata tone moja. Mpira wenye nyufa, kibano kilicholegea, au ile pampu ya mkono iliyo juu ya chujio ikiwa imechakaa ndani, vyote huweza kuingiza mapovu. Gari la namna hiyo huwa gumu kuwaka asubuhi, na hushtukashtuka linapopanda kilima. Ili kuyaona mapovu, fundi huweka kipande cha mpira angavu baina ya chujio na pampu, kisha akatazama injini ikiunguruma. Mapovu machache wakati wa kuwasha si neno; yakifuatana mfululizo, hewa inaingia.

Chujio nalo huziba kwa takataka, na chini yake hukusanyika maji, hasa pale dizeli inaponunuliwa kwa madumu kando ya barabara. Skrubu ya chini ilegezwe, na kinachotoka kikingwe katika chupa ya kioo: maji hukaa chini, dizeli juu, na mpaka wake huonekana wazi. Hata kifuniko cha tangi chaweza kuwa na kosa. Tundu lake la hewa likiziba, gari huenda vizuri kwa muda, likachoka, na kifuniko kikifunguliwa husikika mvumo wa hewa ikiingia, kisha gari likapona kana kwamba halikuumwa.

Jaribio linalomaliza ubishi ni la dumu. Dumu safi lenye dizeli safi hufungwa imara mahali palipoinuka kuliko pampu, mbali na joto la ekzosi, na mpira mpya huletwa kutoka humo, kupitia chujio jipya, hadi kwenye pampu. Gari likichangamka, pampu na iachiwe huru. Kosa liko katika tangi, mabomba au chujio la zamani. Likiendelea kuzembea, upelelezi usonge mbele.

Moshi ni shahidi mzuri, mradi ahojiwe injini ikiwa imekwisha pata moto na gari likiwa na mzigo. Gari lisilo na nguvu wala moshi aghalabu linanyimwa dizeli. Moshi mweusi wasema kwamba dizeli imezidi hewa iliyopo: chujio la hewa limejaa vumbi, au nozeli zinadondosha badala ya kunyunyiza. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli ni mafuta yasiyoungua, mara nyingi kwa kuwa yameingia wakati usio wake. Wa buluu ni oili ya injini inayoungua.

Shahidi huyo asisikilizwe pasipo kuukumbuka mlima. Kampala iko takriban meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale karibu meta 2,000. Huko Kabale hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano, na injini isiyo na tabo haina namna ya kuifidia. Gari lililokuwa jepesi pwani litakuwa zito huko juu, na huenda likatoa moshi kidogo, pasipo ugonjwa wowote. Mwenye gari asiyelijua hilo humtibu asiyeumwa.

Na dawa anayopewa huwa mbaya. Nyuma ya pampu kuna skrubu ya kuongezea dizeli, iliyofungwa kwa nati na lakiri ya kiwandani. Fundi mwenye haraka huivunja lakiri, akaizungusha skrubu kidogo, gari likaruka, na mwenyewe akalipa kwa furaha. Lakini injini iliyokosa hewa sasa inalishwa dizeli isiyoweza kuunguzwa vema. Moshi wawa mzito, joto la ndani lapanda, na safari ndefu moja ya mlima yaweza kuyeyusha pistoni au kupasua silinda hedi. Anayeitaka skrubu hiyo kabla ya kulitazama chujio la hewa asikabidhiwe ufunguo wa gari.

Mambo yote hayo yakiwa sawa, ndipo ifike zamu ya fundi mwenye vyombo. Nozeli hupimwa kwenye mashine ya mkono ili ionekane kama zatoa ukungu au zatema matone. Kidole kisikaribie hapo: msukumo wake wapita mara 100 ule wa hewa ya kawaida, nao hutoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini. Jeraha laweza kuonekana dogo kama la sindano, lakini majeruhi apelekwe hospitali saa ile ile. Mkanda wa taimingi, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilometa 100,000, ukiruka jino moja huchelewesha dizeli na vali kwa pamoja. Kisha hupimwa mgandamizo wa kila silinda, na baada ya hapo tu pampu ifunguliwe.

Katika kazi yote hii kitu kimoja kibadilishwe kwa mara moja, na kila badiliko lijaribiwe kwenye kilima kile kile, kwa mzigo na gia ile ile, huku abiria akihesabu sekunde kwa saa. Tarehe, kilometa, kilichobadilishwa na sekunde zilizohesabiwa viandikwe katika daftari, na daftari likae ndani ya gari, kwani fundi wa pili atauliza yale yale.