Motokari yetu yenye paa la kitambaa

Wengi wenu mmekwisha kuiona. Siku ya Jumamosi, kuanzia saa nane ya mchana, inapita pole pole kwenye barabara ya Lumumba, imefunuliwa juu kama sufuria bila kifuniko. Mpiga picha amesimama ndani, ameipa barabara mgongo, na kamera yake inatazama motokari ya bibi arusi inayofuata na maua na kelele za klaksoni. Watu wanaulizana: ile kadogo ni ya nani? Basi leo tujibu. Ni yetu, wamama saba wa likelemba moja. Tulianza wanane, na hilo pia tutalieleza, kwa sababu ndilo lililotuuma zaidi.

Tulikuwa walimu watatu, mshonaji mmoja na wauzaji wanne wa soko. Kila mama alitoa dola 20 kwa mwezi. Katika likelemba ya kawaida mmoja angebeba zote 160 na kwenda kulipa masomo ya watoto au kununua mabati. Sisi tulikubaliana tusile. Miezi 20 ikafanya dola 3,200. Hatukutafuta starehe. Wauzaji wetu wanachukua kabichi, maharagwe na ndizi kule Mudaka, na kila mtu wa Bukavu anajua mzigo wa kamba kwenye paji la uso unafanya nini kwenye shingo ya mwanamke kabla hajafika miaka arobaini. Tulitaka kitu kidogo kinachopanda mlima na mzigo.

Mwuzaji wa kwanza alituonyesha kitu chekundu, kifupi, chenye viti viwili tu: Mazda MX-5, ile iliyotoka mwaka wa 1989, ambayo kiwanda kimekwisha kutengeneza zaidi ya milioni moja. Ni nzuri, hatukatai. Mmoja wetu, ambaye hatutamtaja, alikaa ndani na hakutaka kutoka. Lakini tumbo lake liko karibu na udongo, hata sentimita 15 hazifiki, na sisi tunajua barabara zetu zinavyokuwa baada ya mvua ya Novemba. Siku moja tu ya kwenda Bagira ingetosha kuliacha tumbo hilo njiani.

Wa pili alikuwa na Suzuki Escudo, ile ambayo Ulaya wanaiita Vitara. Ni aina iliyoanza kuuzwa Japani mwaka wa 1988. Milango miwili, viti vinne vya kubanana, injini ya petroli ya lita 1.6, kifimbo cha kuamsha magurudumu yote manne, na paa la kitambaa linalofunguliwa. Chini imejengwa juu ya shasi ya chuma, kama lori dogo. Ilikuwa imekwisha kutembea hapa mjini miaka mingi, ushuru wa mpakani ulikuwa umelipwa, karte rozi ilikuwepo. Tulilipa dola 2,650. Mabwana wetu walicheka. Mmoja alisema: «Wamama wanane, na mnarudi na mwavuli?»

Hapa tuseme kosa letu wazi, ili mama mwingine asilirudie. Tulikwenda kuiangalia mchana, injini ikiwa imekwisha kupashwa moto. Tulitazama rangi, tukafungua milango, tukajaribu redio. Hakuna aliyelala chini kutazama tumbo, kwa sababu tulikuwa tumevaa vitenge vya kutokea. Mwuzaji aliona vitenge hivyo na akafurahi. Shasi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, mpya, inayong'aa. Sisi tuliona usafi. Mekanisie, siku ya tatu, alichukua nyundo ndogo akagonga kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia kama kengele. Karibu na gurudumu la nyuma la kushoto hakikulia. Kilijibu kama unagonga mkate. Chini ya rangi palikuwa na ufa mrefu kama kidole, na sakafu ya nyuma ilikuwa na tundu lililozibwa kwa karatasi ngumu na gundi.

Usiku ule hatukulala vizuri. Jumapili tulikutana, na yaya wetu mkubwa, yeye aliyekuwa ametushauri tangu mwanzo tununue mashine ya kusaga unga, akaomba pesa zake. Hakutukana mtu. Alisema tu: «Dola zangu 400 zilikuwa za shule ya mtoto wangu. Mimi sikuzitoa zioze.» Tungemjibu nini? Tulimrudishia kwa miezi minane, dola 50 kila mwezi, na mwezi wa tano tulichelewa. Miezi ile ndiyo iliyokuwa migumu kuliko yote. Motokari ilikuwa inadai, yaya alikuwa anadai, na kwenye salamu za kanisani kulikuwa na baridi.

Kwa hiyo haikuwezekana kutengeneza kila kitu mara moja. Tulinunua daftari la kurasa 100, tukaandika juu yake MOTOKARI, na kila jambo likapangiwa zamu. Vijana wetu wa nyumbani walitaka muziki na matairi mapana. Mekanisie alitueleza, na tunamshukuru, kwamba tairi kubwa kuliko lile la kiwanda linadanganya saa ya mwendo: sindano inasoma kidogo kuliko mbio unazokwenda kweli, na freni zinalemewa. Tukaandika kwanza shasi. Fundi wa kuunganisha chuma alikata sehemu iliyooza na kuweka bamba jipya, si kupaka moto juu ya ufa. Pili tukaandika freni. Mji wetu ni mpando na mteremko, asiye na freni anashukia ziwani. Tulibadilisha za mbele, tukafungua ngoma za nyuma, tukakuta ya kulia haijashika kitu kwa muda mrefu. Tatu ilikuwa mkanda wa injini, maana hakuna aliyejua ulibadilishwa lini, na ukikatika njiani injini inazimika hapo hapo. Hayo matatu yalikula miezi minane, na hakuna hata moja ambalo mpita njia angeliona. Mabwana waliuliza: «Mnatengeneza nini kila siku, na inabaki vile vile?»

Paa lilingoja zamu yake, na mvua haikungoja. Hapa kwetu tangu Septemba hadi Mei unaweza kunyeshewa siku yoyote. Kile kitambaa cha zamani kilikuwa kimekauka, na dirisha la nyuma la plastiki lilikuwa la manjano kama kucha za mvuta tumbaku. Walimu tulifika darasani tukiwa na maji mgongoni. Duka moja lilituambia paa jipya linaagizwa kutoka nje, na bei waliyoitaja ilitufanya tucheke kwa uchungu.

Ndipo mshonaji wetu akasema: «Ni nguo. Nipeni wiki mbili.» Ilikuwa likizo kubwa. Tulilivua paa, tukaliweka kwenye sakafu ya darasa la tatu, akalifumua uzi kwa uzi bila kukata. Kila kipande tukakichora kwa chaki na kukiandikia namba. Kitambaa kipya kilikuwa kile kizito cha kufunikia malori, tulikipata kwenye soko la Kadutu. Mashine yake ya kukanyaga ilipita safu mbili, kwa shida ikapita tatu, ya nne ikavunja sindano. Kwenye pembe ilibidi tumwite fundi viatu na msumari wake. Mshono aliukunja mara mbili, kama wa suruali ya jinsi, ili maji yasikute tundu la sindano, kisha akasugua mshumaa juu yake pande zote. Dirisha lilishonwa kwa plastiki nene iliyo wazi.

Alikosea sentimita mbili. Asubuhi ya kwanza, kwenye baridi, paa halikufika kwenye ndoano zake. Tulivuta wanne, halikufika. Mshonaji alikaa kwenye ngazi za shule, hakusema neno. Saa tano jua likapata nguvu, kitambaa kikalegea, kikafunga. Tangu siku ile tunafunga wakati wa jua, na limekwisha kuzoea. Tumejifunza pia kwamba paa likikunjwa mbichi linaota ukungu, kwamba petroli haiondoi doa bali inaua kitambaa, na kwamba vitundu vidogo vya kutolea maji chini ya milango lazima vizibuliwe kwa kijiti kila mwezi. Ni vitundu hivyo, vilivyojaa matope miaka na miaka, vilivyoozesha sakafu yetu.

Arusi hatukuziwaza. Zilikuja zenyewe. Siku moja ya Julai tulikuwa tumetoa paa lote ili kubeba mabao ya kukalia ya wanafunzi, yamesimama wima kwenda juu, kitu ambacho motokari ya paa la chuma isingekubali. Kijana mpiga picha akatusimamisha. Wenzake walikuwa wanakaa kwenye dirisha la teksi, nusu ya mwili nje, ili kupiga picha ya msafara. Akauliza bei. Mmoja wetu, bila kufikiri, akasema dola 40 na mafuta juu yake. Akakubali haraka sana, na hapo tukajua tungesema 50.

Msimu ule wa jua tulifanya arusi tisa. Kwenye arusi ya tatu, wakati wa kushuka, mtoto alikatiza barabara. Freni zilishika vizuri mno. Mpiga picha, aliyekuwa amesimama bila kushika kitu, aliruka juu ya kiti cha mbele na kamera yake. Hakuumia, kamera ilipasuka kioo, tukalipa nusu. Jioni ile tulikaa na daftari na mtu alisema tuache kazi hii. Hatukuacha, lakini Jumamosi mbili tulikataa makuta ya watu mpaka fundi alipounganisha chuma cha mviringo cha kushikia, kimefungwa kwenye nguzo za ndani, na mkanda wa kiunoni. Sasa asiyefunga mkanda hatuondoki naye, hata bibi arusi akilia.

Linabaki jambo la volani. Motokari ilitengenezwa kwa nchi inayotembelea kushoto, sisi tunatembelea kulia. Shofere wetu anakaa upande wa mtaro na haoni kinachokuja mbele akitaka kupita lori. Fundi mmoja alijitolea kuhamisha volani kwa dola 600. Tulipouliza atafanyaje, tukasikia kukata, kutoboa, na kuunganisha ile fimbo ya volani kwa moto. Fimbo ya volani! Tukamwambia asante. Kama siku moja tutapata vipande vyote kutoka motokari ya namna hiyo hiyo yenye volani kushoto, tutazungumza tena. Kwa sasa tuna sheria: wawili wetu walio na permi ndio wanaoendesha, na anayekaa kiti cha kushoto hapigi simu, hasinzii, yeye ndiye jicho. Akisema «ngoja», shofere anangoja.

Siku za wiki inakwenda Mudaka. Wauzaji wetu wanne wanapokezana, kila mmoja analipa mafuta na faranga kidogo za daftari. Kamba za kichwani hawakuzitupa, maana kutoka shambani hadi barabarani bado mtu anabeba. Lakini ule mpando wa mwisho wa kuingia mjini hawaujui tena kwa miguu.

Mwezi uliopita yaya wetu mkubwa alituma mtoto kuuliza kama Jumamosi ya pili tuko huru. Binti yake anaolewa. Tulizungumza sana juu ya bei. Wengine walisema tumpe bure, wengine walisema akipewa bure atadhani tunamhonga, au tunamcheka. Yeye mwenyewe alimaliza maneno: alileta dola 50, za mkononi, akahesabu mbele yetu. Hatukupunguza, naye hakuomba.

Siku ile mvua ilitishia asubuhi, ikapita. Mpiga picha alifunga mkanda wake. Yaya alitakiwa kukaa kwenye motokari ya wazazi, nyuma, lakini alikuja na kitenge chake cha arusi akafungua mlango wa kushoto wa kadogo, akakaa. Kabla ya kukaa aliinama, akatazama chini ya tumbo la motokari muda mrefu. Tulipofika kwenye mpando tukakuta lori la mchanga mbele yetu. Shofere akapunguza mwendo. Yaya akatoa kichwa nje, akatazama, akasema: «Ngoja.» Gari moja likapita, na la pili. Kisha akasema: «Sasa pita, mwanangu.»

Katika daftari, ukurasa wa 41, kumeandikwa plastiki mpya ya dirisha la nyuma. Ile ya kwanza imeanza kuwa ya manjano.