Soko la mahindi Ufipa: magunia 10 makavu si ushahidi wa lori zima

Mahindi mapya ya Ufipa huanza kushuka kwenye soko la Sumbawanga mvua zinapokatika, kuanzia mwezi Mei na kuendelea. Ndicho kipindi ambacho mnunuzi anaweza kupata hasara isiyotokana na bei. Bei imekubaliwa, makuli wamepakia, lori limeondoka. Kumbe sehemu ya magunia ina mahindi mabichi. Kasoro hiyo hugunduliwa Tunduma au Dar es Salaam, fedha zikiwa zimekwisha kulipwa.

Katika miaka ya 1970 hatari hiyo ilikuwa ya Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC), lililonunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Soko lilipoanza kulegezwa katika miaka ya 1980, hatari ilihamia kwa mfanyabiashara binafsi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) hununua Sumbawanga, lakini anayesafirisha mzigo wake mwenyewe hana wa kumfidia.

Masharti nayo yamekaza. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Machi 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu tena, kwa sharti la cheti cha ubora. Mahindi yaliyofungwa na unyevu ndiyo yanayozalisha kuvu.

Mnunuzi hawezi kufungua kila gunia. Huchoma machache kwa bambo, akatoa punje na kuzipima kwa mashine. Asiye na mashine hutumia chumvi kavu katika chupa kavu: ikiganda kwenye kuta za chupa baada ya kutikiswa na mahindi, mahindi hayo ni mabichi. Swali la biashara ni moja: achome magunia mangapi?

Jibu lipo katika hesabu iliyoandikwa na Jacob Bernoulli wa Basel, Uswisi, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Wanahisabati huiita mgawanyo wa binomia. Inafaa pale ambapo kila jaribio lina majibu mawili tu, kavu au bichi. Idadi ya majaribio imepangwa mapema. Nafasi ni ileile kila mara. Na jibu la gunia moja halitegemei jingine.

Tuseme lori lina magunia 300 ya kilo 100, na 30 kati yake ni mabichi. Hizo ni tani 3, yaani asilimia 10 ya mzigo. Nafasi ya kuchoma gunia moja ukakuta kavu ni 0.9. Ukichoma 10, zidisha 0.9 kwa yenyewe mara kumi. Utapata kama 0.35. Maana yake, katika malori 100 ya namna hiyo, 35 yatakupita bila kuonyesha gunia bichi hata moja.

Nafasi ya kukuta bichi moja hasa ni 10 × 0.1 × 0.9 iliyozidishwa mara tisa, yaani 0.39. Tunaanza na 10 kwa sababu bichi hilo laweza kuwa la kwanza, la pili, au lolote hadi la kumi.

Ongeza idadi uone. Ukichoma 20, nafasi ya kudanganyika inashuka hadi 0.12. Ukichoma 30, inabaki 0.04. Kazi ya nusu saa zaidi inaokoa tani 3.

Lakini mkali kupita kiasi naye hukosa mzigo. Chukua lori zuri lenye asilimia 2 tu ya magunia mabichi. Ukichoma 30 na kukataa kwa sababu ya moja tu, utalikataa lori hilo mara 45 katika 100. Ukikubali hadi bichi moja, utalipokea mara 88. Ila lile baya la asilimia 10 nalo litapita mara 18. Njia ya kati ni hii: ukikuta moja, usikatae wala usilipe. Choma 30 mengine kwanza.

Hesabu hii huvunjika ukichoma magunia ya juu na ya pembeni peke yake. Muuzaji mjanja anajua bambo linafika wapi. Hata bila ujanja, turubai likivuja, magunia ya upande mmoja hulowa pamoja, na sharti la kutotegemeana halipo tena. Choma wakati wa kupakia, kwa namba ulizochagua kwa kura kabla lori halijafika. Mzigo uliokusanywa Laela, Matai na Namanyere upimwe kila fungu peke yake.

Andika matokeo ya kila muuzaji. Mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya misimu miwili utajua asilimia halisi ya kila mmoja, na bei yako itafuata hesabu badala ya maneno ya dalali.