Filamu bubu inavyopigiwa muziki mpya wa kompyuta

Kama umewahi kubanana kwenye kibanda umiza, iwe Kasulu mjini, Kibondo au kambini Nyarugusu, kazi ya DJ anayetafsiri sinema unaijua. Picha ni ileile, lakini akibadilika DJ ni kama umeletewa filamu nyingine. Lufufu alijijengea jina Tanzania kwa kazi hiyo, na DJ Afro huko Kenya.

Wapo wanamuziki wanaofanya jambo la ukoo huohuo bila kusema neno. Wanachukua filamu bubu iliyokarabatiwa, kisha wanaipigia muziki wa kompyuta na kinanda cha umeme, papo hapo mbele ya watu.

Metropolis ya Fritz Lang ni mfano mzuri. Ilizinduliwa Berlin mwaka 1927: matajiri wanaishi juu, vibarua wako chini ya ardhi wakihudumia mashine. Baadaye ikakatwakatwa, vipande vikapotea. Mwaka 2008 nakala ndefu ikagundulika Buenos Aires, Argentina, na 2010 filamu ikarudi ikiwa na kama dakika 25 zaidi. Vipande vilivyorudishwa vina mikwaruzo, utavitambua tu.

Jeff Mills, DJ wa tekno kutoka Detroit, Marekani, aliitungia muziki mwaka 2000. Mwaka 2023 akatoa mwingine mpya kabisa kwa filamu hiyohiyo.

Kwa nini asirudie ule wa zamani? Filamu ikirefuka, muziki wa mwanzo haukai tena. Hata kasi ina shida yake. Filamu bubu hazikuwa na kasi moja: sinema ya dakika 90 kwa picha 24 kila sekunde itachukua dakika 120 ukiicheza kwa picha 18. Kwa hiyo mtunzi anasubiri kwanza nakala ya mwisho.

Akiipata, anaitazama kimya, mara nyingi, akiandika dakika na sekunde: hapa mlango unafunguka, hapa mtu anaanguka. Kila sehemu anaiandalia midundo na sauti kwenye laptop. Siku ya onesho anakaa akiangalia skrini yake ndogo, anaingiza na kutoa sauti kwa mkono. Mashine za Metropolis zingevumilia hata mdundo wa singeli. Uso wa mtu anayelia hauwezi, na hapo wengi huharibu kwa kuogopa ukimya.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa kikoloni wenye makao Vugiri, Tanga, ulipiga filamu kama 35 za kuwafundisha Waafrika. Picha zilikuwa bubu. Maelezo yalitoka kwenye santuri, kwa lugha mbalimbali. Mwenye mradi ndiye aliyeamua mtazamaji aambiwe nini kuhusu mkulima anayemwona.

Zinazojulikana kubaki ni tatu, zote za 1936 na zote zimehifadhiwa Uingereza. Moja inahusu minyoo ya safura, nyingine mashamba ya Kingolwira, Morogoro. Mtunzi wa hapa akizipigia muziki upya, watu watawatazama wakulima walewale bila sauti ya bwana mkubwa masikioni. Sharti tu aombe ruhusa ya kutumia nakala hizo kabla hajawasha spika.