Viganja Vinavyolowa

Binti wa kidato cha nne alinifungulia daftari lake la hesabu kabla hajasema neno. Kila ukurasa, pale kiganja kilipolalia, karatasi ilikuwa imekunjamana na wino umesambaa. Darasani alikuwa akiandika huku ametandika leso chini ya mkono. "Daktari, huyu ni mwoga tu," alisema mama yake. Nilimwomba mama amguse bintiye viganja usiku akiwa usingizini. Waliporudi, alikiri kwamba vilikuwa vikavu kabisa.

Hiyo ni dalili kubwa ya tatizo hili la viganja kutokwa jasho kupita kiasi. Viganja vimejaa tezi za jasho, na tezi zenyewe ni nzima. Kinachozidi ni amri ya mishipa ya fahamu, ile inayofanya kazi bila hiari yetu, nayo hutulia tukilala. Kwa kawaida huanza utotoni au wakati wa kubalehe, mikono yote miwili, na aghalabu yupo mzazi au ndugu mwenye hali hiyohiyo. Wasiwasi huongeza jasho, lakini sio chanzo chake. Wengi huingiwa na hofu ya kupeana mikono kwa sababu ya jasho lenyewe.

Dawa ya kuanzia ni alumini kloraidi, mara nyingi ya asilimia 20. Hapa ndipo wengi hukosea: huipaka mchana, mikono ikiwa imelowa, ikawawasha, wakaitupa. Ipake usiku unapokwenda kulala. Mikono iwe mikavu kwelikweli. Ukitoka kunawa, subiri. Paka, acha ikauke, lala, osha asubuhi. Chumvi ya alumini huziba vinywa vya tezi, na kazi hiyo inahitaji saa kadhaa za utulivu. Ukipata nafuu, punguza hadi mara moja au mbili kwa wiki.

Isipotosha, kuna tiba ya kutumbukiza viganja kwenye trei za maji yanayopitishwa umeme hafifu, dakika 20 hadi 30, mara kadhaa kwa wiki. Haimfai mjamzito wala mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, na tafadhali usijiundie mtambo huo kwa umeme wa nyumbani. Sindano za botulinamu husaidia kwa miezi kadhaa, ila zinauma na ni ghali. Vidonge vya kupunguza jasho hukausha kinywa, na kwenye joto kali mwili unaweza kushindwa kujipoza. Upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu kifuani mimi huuweka mwisho kabisa: viganja hukauka, lakini wengi huanza kutokwa jasho jingi mgongoni na tumboni, na kilichokatwa hakiungiki.

Jasho lililoanza ukubwani, la mwili mzima, au linalolowesha shuka usiku huku unakonda, ni jambo jingine. Wahi hospitali upimwe kifua kikuu, sukari na tezi ya shingo.

Nanyi walimu na wasimamizi wa mitihani, mkiona mtoto ametandika leso chini ya mkono, ikagueni, kisha mwacheni aandike.